Mahali Palipokuwa na Dirisha

Kaka yangu alikuja kibandani kwangu asubuhi moja na vipimo vya dirisha la madhabahuni ameviandika kiganjani kwa kalamu ya wino. Hakusalimia. Alikunjua kile kiganja mbele ya pua yangu, karibu kabisa na sindano ya cherehani, akasema anataka pazia zito, lenye bitana, lisilopitisha mwanga hata chembe. Nilikuwa napinda marinda ya sketi za sare za shule, kazi isiyotaka kukatizwa, kwa sababu rinda moja likienda upande yote yanalifuata. Niliondoa mguu kwenye pedali, nikausoma mkono wake.

"Dirisha gani hili?" nikamuuliza, ingawa nilishalijua. Refu hivyo na jembamba hivyo ni moja tu.

"La mbele. Tunaweka skrini. Picha haionekani kama kuna mwanga unaingia."

"Unataka kuziba dirisha la mashariki."

"Sizibi, nafunika. Usianze."

Huyu ni kaka yangu mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kanisa letu. Watu wananiambia si mtu mbaya, na mimi sijasema ni mtu mbaya. Ni mtu wa kamati. Tangu baba afariki anaendesha hata chakula cha mchana cha familia kwa ajenda, na ukimpinga anakujibu kwa sauti ya upole, ile sauti ya mtu anayesubiri umalize upumbavu wako. Afadhali angekuwa anapayuka. Mimi napayuka, na mwenzangu anayepayuka najua pa kumshikia.

Sasa inabidi nilieleze dirisha lenyewe, maana kuna watakaosema, dada, dirisha tu hilo, hasira zote za nini.

Kanisa letu si zuri. Lina kuta nene, paa la bati, na madirisha ya pembeni ni madogo, yamewekwa juu kabisa, kiasi kwamba ukiingia alfajiri huoni hata benchi unalojigonga nalo. Waliolijenga hawakukosea. Mlango waliuweka magharibi, madhabahu wakaiweka mashariki, na nyuma ya madhabahu wakaacha uwazi mmoja, mwembamba, unaoanzia usawa wa kiuno cha mtu na kupanda hadi karibu na paa. Wakatia kioo cha rangi ya asali, kitupu, bila malaika wala mwana-kondoo. Jua likichomoza, nuru inapita pale na kuiangukia Meza ya Bwana kabla ya kitu kingine chochote. Kisha inashuka ngazi taratibu, inakuja sakafuni, inafika kwenye mabenchi, inampata tajiri na mlevi na mama mwenye mtoto anayelia, kila mmoja kwa zamu yake.

Mama yetu ndiye aliyefundisha darasa la ubatizo miaka na miaka. Nusu ya ile kamati ya ujenzi imepita mikononi mwake, kaka akiwemo. Hakuwa na ubao wala chaki. Alitupanga mlangoni kabla ya jua, tukitazama nje, upande wa magharibi ambako bado kulikuwa na giza, akatuacha hapo mpaka tukaanza kusinzia. Kisha akatugeuza kwa mabega, mmoja mmoja, tutazame mbele, na hapo ndipo nuru ilipokuwa inaingia. "Kule ndiko mnakotoka, na huku ndiko mnakokwenda," alisema. "Kubatizwa ni kugeuka. Mengine yote nitakayowafundisha ni maelezo." Alituonyesha jinsi nuru inavyopita kwenye kioo na kioo kisivunjike, kwamba Mungu naye akiingia ndani ya mtu hamvunji, anamfanya aonekane alivyo. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini wazee hawakuweka picha ya Yesu pale, kama makanisa mengine. Mama akamjibu, "Mwenyewe akija, picha ya nini?"

Kutokana na hayo tulikuwa na desturi yetu, ambayo wageni waliiona ya ajabu. Ibada ya asubuhi haikuanza kwa saa. Tuliketi gizani, taa hazikuwashwa, na mchungaji hakufungua kinywa mpaka nuru ifike mezani. Siku za mawingu tuliimba taratibu tukingoja, na kama mawingu yamegoma kabisa, mzee mmoja aliwasha mshumaa kwa shingo upande, tukaanza hivyo hivyo. Kaka alikuwa akisema tunaendeshwa na jua kama kuku. Lakini alikuja, akaketi, akangoja kama sisi.

Halafu macho ya mama yakaanza kuharibika. Presha ya macho, daktari alisema, na tulikuwa tumechelewa. Zilianza kupotea herufi, zikafuata sura za watu. Mwishoni akawa anajua tu penye mwanga na pasipo na mwanga. Nyumbani anajua mlango umefunguliwa au umefungwa, basi. Kanisani aliketi benchi la mbele, upande wa njia, ameinua uso, na kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kutazama duniani, akawa yeye ndiye wa kwanza kuiona. Sisi bado tunapangusa viatu na kunong'onezana, yeye anasema, "Imefika." Hakusema kwa sauti kubwa. Mchungaji anasimama, ibada inaanza. Hakuna kikao kilichopitisha jambo hilo. Lilikuja lenyewe, na lilikuwa zuri kuliko yote tuliyowahi kuyapitisha kwenye vikao.

Kwa hiyo kaka aliponiletea kile kiganja chake, swali langu lilikuwa moja.

"Na mama je?"

"Mama haoni," akasema. "Pazia litamdhuru nini?"

Nilimwambia mimi pazia hilo sishoni, na kama anataka kufunika jua akamtafute fundi mwingine asiye na mama. Nikamwambia pia mambo kadhaa kuhusu kichwa chake ambayo hayahusiani na hadithi hii. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa ule upole wake, "Kama hushoni, tutajenga. Matofali hayana hasira." Akaondoka, na mimi nikaharibu rinda.

Mama wakati huo alikuwa kwangu, kalazwa na goti. Lilikuwa limevimba hata kuinuka kitandani ilikuwa kazi ya watu wawili, na kanisani alikuwa hajafika kwa wiki kadhaa. Ndani ya wiki hizo hizo kamati ikaitisha mkutano wa washarika wote. Nasema wazi kwamba hawakuchagua wakati huo kwa bahati mbaya, na anayebisha anitafute.

Kwenye mkutano nilisimama. Walikuwa wameshazungumza wale wa kusema vijana wanakimbilia makanisa yenye skrini, na wale wa kusema vitabu vya nyimbo vimechakaa, maneno yakiandikwa ukutani hata mgeni ataimba. Sikuwa na ugomvi na nyimbo ukutani. Nilisema wekeni hiyo skrini pembeni, kwenye kona, juu ya mlango, popote, mashariki muache. Kaka akaeleza kwamba pembeni haitaonekana na watu wote. Akaongeza kuwa dirisha lile linaumiza macho ya wanaoketi mbele.

"Anayeketi mbele ni mama yako," nikasema.

Mchungaji akaingilia. Mchungaji wetu ni kijana, ana maneno laini, na hajakaa nasi muda mrefu. Alisema, "Ndugu zangu, nuru ya kweli iko moyoni. Mungu hakai dirishani." Watu wakapiga makofi.

"Na kwenye skrini anakaa?" nikamuuliza.

Walicheka, nikadhani nimewapata. Baada ya kucheka wakanyosha mikono, na mikono ikawa ya kaka. Hata wale waliofundishwa na mama kwa dirisha lile, waliogeuzwa mabega na mikono yake, walinyosha. Mmoja wao alikuwa ananitazama huku ameinua mkono, na alikuwa anatabasamu kwa aibu. Nilitoka bila kuaga.

Kabla ya wiki kwisha dirisha lilikuwa limejengwa kwa matofali, ndani likapigwa lipu na rangi nyeupe. Madirisha ya pembeni yakapata mapazia meusi. Nilikwenda kuyaona. Pindo zimekwenda upogo na bitana imevutwa upande mmoja. Yule aliyeyashona simjui na sitaki kumjua.

Nilitaka kumweleza mama siku hiyo hiyo. Kaka akanizuia mlangoni kwangu.

"Niachie mimi," akasema. "Mimi ndiye mkubwa, na uamuzi ulikuwa wangu. Wewe utamwambia kwa hasira, utamuumiza."

Hilo la hasira lilikuwa kweli. Na la ukubwa pia lilikuwa kweli, na nilifikiri, vizuri, mzigo ni wako, ubebe. Akaingia chumbani kwa mama, akaketi ukingoni mwa kitanda. Niliwaachia nafasi, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alipotoka nikamfuata mpaka nje.

"Umemwambia?"

"Tumeshaongea."

"Amesemaje?"

"Ametulia tu. Unamjua mama."

Ninamjua mama. Ni mtu wa kumeza. Siku zilizofuata hakutamka neno kuhusu dirisha, nami sikumuuliza, nikidhani ni kidonda na sitaki kukitonesha. Alizungumzia goti lake na majirani, na akanisuta kwa jinsi ninavyowakaripia wateja. Usiku alisali kama kawaida yake. Nilimwonea huruma na kumstaajabia kwa pamoja.

Goti likapoa. Jumapili akasema leo naenda kanisani, nitembee au niburutwe. Nilimvalisha gauni lake la kijani nililomshonea mwenyewe, nikamfunga kitambaa kichwani, na njiani, bado giza, alinihimiza tuongeze mwendo ingawa mwenye goti bovu alikuwa yeye. Mlangoni tulimkuta kaka amevaa suti, anapokea watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeniwekea nafasi yangu?"

"Ipo, mama. Njoo nikupeleke."

Akamshika mkono. Mimi nikaenda upande wa kwaya, ng'ambo ya njia, kwa wenzangu wa sauti ya pili. Ndani kulikuwa na giza kuliko zamani, maana hata ule mwanga kidogo wa pembeni ulikuwa umezibwa. Mbele kulining'inizwa kitambaa kikubwa cheupe mahali palipokuwa na dirisha, na juu ya mabenchi ya nyuma kulikuwa na mashine ya kurushia picha, ikiunguruma kidogo, bado haijaanza kurusha. Mama akaketi. Kaka akaketi kando yake. Mama akaweka mikono mapajani, akainua uso kuelekea mashariki, akatulia.

Nilimtazama na sikuelewa. Mtu aliyeambiwa kwamba dirisha halipo hakai hivyo.

Mchungaji akasimama, akawasalimu washarika kwa jina la Bwana. Tukaitikia. Mama akageuza kichwa kidogo kuelekea sauti yake.

"Mchungaji," akasema, "mbona umeanza? Bado haijafika."

Mchungaji alimtazama kaka, kaka akatazama viatu vyake. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amemwambia lolote. Mama alingoja jibu. Lilipokosekana, akamwinamia mwanawe, na kwa ukimya ule kila mtu alisikia.

"Kuna mawingu leo?"

Hapo alipewa nafasi ya kusema kweli. Mungu mwenyewe alimfungulia mlango, akamwambia pita. Kaka akasema, "Hapana, mama. Jua limetoka."

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Na limefika mezani?"

Kaka akasema, "Tuendelee na ibada, mama."

Mama akainua mkono, akaupitisha mbele ya macho yake, huku na huku, taratibu. Akarudia. Akaushusha mapajani. "Basi," akasema. Nilikuwa nimeshasimama, lakini kwaya yetu imebanana, na ili utoke lazima upite magoti ya watu wote. Dada wa kando yangu alinishika gauni, akanong'ona niache, nisilete fujo nyumbani mwa Bwana. Niliubandua mkono wake kwa nguvu. Na kabla sijafika njiani, mama alikuwa amejiinua kwa kujishikilia kwenye benchi, amewageukia watu.

"Ndugu zangu," akasema, "samahani nasimamisha ibada. Sitawachosha. Mnayajua macho yangu. Mungu aliniachia kitu kimoja tu, ile nuru ya pale mbele. Nilimwomba aniachie hiyo mpaka nife. Sasa leo nimeketi hapa, mwanangu ananiambia jua limetoka, na mimi sioni kitu. Basi, nayo ameichukua. Ni yake. Namshukuru kwa muda alionipa." Akashika vizuri benchi. "Nawaomba mtu mwingine awe anawaambia ikifika. Mimi siwezi tena."

Kila aliyekuwa ndani ya kanisa lile alijua. Wazee, wanakwaya, watoto walioketi sakafuni, wote walijua kwamba mbele yake kulikuwa na ukuta. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajui.

"Amina," akasema mchungaji.

"Amina," wakaitikia watu. Na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mwanamke yule, akasema amina.

Na kule nyuma, mwenye mashine, ambaye nadhani alichanganyikiwa akaona afadhali aendelee na kazi yake, akabonyeza alichobonyeza. Picha ikatokea kwenye kile kitambaa. Ilikuwa hafifu, ya kuonekana na mwenye macho mazima tu. Ilikuwa picha ya jua likichomoza nyuma ya vilima, miale imetapakaa, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI. NURU IMEFIKA. Lile neno la mama. Walikuwa wamelichukua na lenyewe, wakaliwekea urembo.

Sikupiga kelele. Watu bado wanalishangaa hilo, maana wananijua. Nilikwenda nikamshika mkono mama.

"Mama, twende nje."

"Ibada imeanza, mwanangu."

"Twende, mama."

Kaka akainuka nusu. Nilimtazama, akaketi. Tukatoka kwa mlango wa magharibi. Kivuli cha kanisa huangukia upande ule asubuhi, kwa hiyo hakukuwa na jua la kumwonyesha hapo. Nikamzungusha. Tulipita kando ya ukuta, juu ya kokoto na mabaki ya saruji ambayo mafundi hawakuzoa, goti lake likilalamika, yeye akiniuliza tunakwenda wapi na mimi nikizidi kumwongoza. Tukakata kona, tukafika nyuma ya madhabahu. Jua lilikuwa limesimama pale, zima.

Mama akasimama. Uso wote ulikuwa umemulikwa. Akafumba macho, akafumbua.

"Naona," akasema. Akayagusa macho yake kwa vidole. "Mwanangu, naona. Ipo." Akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyekuwa ameambiwa kitu kimepotea akakikuta mfukoni. Alibaki hivyo, uso juu, machozi yanamtoka. Nami nikamwacha aione kwanza.

Kisha kicheko kikaisha. Mama si mjinga, hajawahi kuwa.

"Huu ni upande gani wa kanisa?"

"Nyuma ya madhabahu, mama."

Akageukia ukuta, akanyosha mkono kutafuta kingo ya dirisha. Kwa miaka yote ile, yeye ndiye aliyekuwa akisafisha kioo kile kwa nje, anajua kingo ilipo kama anavyojua bawaba za mlango wake. Mkono wake ukaipata kingo. Ukapanda juu, ukakuta tofali. Nje hawakupiga lipu, kwa kuwa nje hakuna anayetazama. Alilipapasa lile tofali, akapapasa la juu yake, na la juu yake, akapitisha kidole kwenye saruji katikati yao, mpaka mkono ukaishia. Nikamweleza yote: skrini, mkutano, mikono iliyonyoshwa.

"Kaka alisema amekuambia," nikamwambia. "Siku ile alipokuja chumbani kwako."

"Siku ile aliniuliza kama nimekula," akasema mama.

Alisimama hapo kiganja kikiwa bado kwenye matofali. Kutoka ndani tulisikia kwaya, wenzangu, wanaimba wimbo wa kufungulia. Nilianza kusema yale niliyokuwa nimeyaweka akiba tangu siku ya kile kiganja chenye wino, kuhusu kaka, kuhusu mchungaji, kuhusu mmoja mmoja wa wale wanafunzi wake. Alinikatiza.

"Nirudishe ndani," akasema. "Na wewe nyamaza. Hili ni langu."

Tulirudi tulikotoka. Alitembea upesi kuliko tulivyokuja, na aliponyanyua mguu kuvuka kizingiti hakuhitaji kuambiwa. Wimbo ulikuwa umekwisha na mchungaji alikuwa ameanza kuhubiri. Nilitaka kumpeleka kwenye benchi lake, akakataa. Akataka katikati, kwenye njia. Akaenda akiyashika mabenchi, moja baada ya jingine, mpaka akafika mbele, na alipofika pale akawa amesimama ndani ya mwanga wa ile mashine bila kujua. Jua la picha lilimwangukia mgongoni, kwenye gauni la kijani, na kivuli chake kikafunika vilima na maandishi yote. Mchungaji akakatiza mahubiri.

"Mwanangu mkubwa yuko wapi?"

Kaka akasimama. "Nipo hapa, mama."

"Nimetoka nje nikaliona jua," akasema mama. "Kwa hiyo macho yangu yako vile vile yalivyokuwa. Kilichobadilika ni ukuta."

Hakuwa amepandisha sauti. Nimezaliwa na mwanamke huyu na nimeishi naye, na sikuwahi kumwona amekasirika mpaka siku ile. Akafumbata mikono.

"Dirisha mngeniambia tu. Ningelia kidogo nyumbani, halafu ningekuja kuketi gizani na ninyi, maana kanisa si langu, na mimi si wa kwanza kupotewa na kitu. Ukuta ni kazi ya mafundi, na mafundi wapo. Si hilo." Akasogea pembeni kidogo, akatugeukia, akapitisha uso taratibu, kutoka upande mmoja wa kanisa hadi mwingine. Alipita juu yetu sote bila kumwona hata mmoja. "Nilisimama hapa nikasema Mungu amenipofusha. Nikamshukuru. Hakuwa amefanya hivyo. Nilimsingizia Mungu mbele yenu, ndani ya nyumba yake, na ninyi mlijua, na hakuna hata mmoja aliyenifunga mdomo. Mkasema amina."

Mchungaji alifungua kinywa. "Mama, tulidhani—"

"Wewe ngoja," akasema mama. "Wewe ni mgeni. Hawa niliwafundisha mimi." Akamrudia kaka. "Na yako niliisikia. Katika sauti zote zile niliisikia ya kwako, kando ya sikio langu. Nilikuuliza kama kuna mawingu."

Kaka yangu, mwenye jibu la kila kitu, mwenye ule upole, alitoka kwenye benchi akaja njiani. Suti yake ilikuwa imejikunja mgongoni. Alikuwa analia, wazi, mbele ya kamati yake nzima, na niseme ukweli kwamba sikumwonea huruma.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia." Akanyosha mkono kuushika wa kwake.

Mama akausikia mkono ule ukimgusa. Akautoa wa kwake.

"Nitakusamehe," akasema, "kwa sababu nimeamriwa. Nitakusamehe, na nitakuja mwenyewe nyumbani kwako kukuambia nimekusamehe. Lakini si leo, na usinibembeleze."